Mlima wa Ngong hauna theluji, lakini una wenyewe

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Desemba, runinga zetu hutuletea picha zile zile kutoka Ulaya na Marekani: mlima mweupe, watu waliojifunika makoti manene, mbao mbili nyembamba miguuni, na mteremko unaowashusha kwa kasi ya kutisha. Chini ya mlima kuna mji mkubwa, na kati ya mji na mlima pana mwendo wa saa moja au mbili kwa gari. Wenyeji wa mji hufunga kazi Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi huwa wamekwisha kufika mlimani. Wanafunzi wangu hapa Kitengela huzitazama picha hizo kwa mshangao, kisha huuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: sisi tuna nini cha namna hiyo?

Swali hilo si la kipuuzi hata kidogo. Ukiiondoa theluji katika picha ile, yanabaki mambo matatu: mji mkubwa, mlima ulio karibu nao, na watu wanaotaka kupumzika bila ya kusafiri siku nzima. Yote matatu tunayo. Nairobi iko hapa jirani. Milima ya Ngong, iliyomo katika Kaunti ya Kajiado, iko yapata kilomita 25 tu kutoka katikati ya jiji, na kilele chake kirefu zaidi, Lamwia, kina kimo cha mita 2,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Nasema bila kusita kwamba mlima huo ni mali ambayo wenye milima ya theluji wangeitamani. Nasema pia kwamba tutaipoteza mali hiyo, kama tulivyozipoteza nyanda za Kitengela, iwapo mtoto wa Kajiado hataupanda na jirani wa mlima hatauonea faida.

Lakini kwanza niimalize habari ya theluji, maana najua wapo watakaosema kwamba mchezo huo ni wa wazungu na hautuhusu. Mwaka 1998 katika mji wa Nagano, Japani, Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Alikuwa mwanariadha wa kawaida, na theluji aliizoea ukubwani, alipopelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshinda mbio hizo kitambo, akakataa kuondoka uwanjani mpaka Mkenya yule afike amkumbatie. Miaka 20 baadaye, katika Olimpiki ya Pyeongchang ya mwaka 2018, alikuwapo Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria. Hata barafu yenyewe imewahi kuletwa mlangoni petu: mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu katika hoteli ya Panari, kando ya Barabara ya Mombasa, na abiria wa matatu za Kitengela wamekuwa wakipita mbele ya jengo hilo wakienda mjini kutafuta riziki.

Tena Afrika ina milima ya mchezo huo hasa. Wakazi wa Marrakech nchini Morocco hupanda hadi Oukaïmeden, katika milima ya Atlas, safari isiyofika kilomita 100. Lesotho kuna Afriski, juu ya mita 3,000, ambako baridi ya Juni hadi Agosti huleta theluji ya kutosha, na isipotosha hutengenezwa kwa mashine. Nawaomba walimu wenzangu wa Jiografia wauangalie mfano huu wa Lesotho kwa makini. Theluji inapokwisha, wenye mahali pale hawafungi milango wakalala. Huwaita waendesha baiskeli, wapandaji milima na wakimbiaji. Biashara ya theluji, popote ilipo, sasa inatafuta namna ya kuishi bila theluji.

Wala hawafanyi hivyo kwa kupenda. Juu ya mji wa La Paz, nchini Bolivia, palikuwa na mlima uitwao Chacaltaya, ambao ulijivunia kuwa uwanja wa skii ulio juu kuliko wote duniani, zaidi ya mita 5,000. Watu wa La Paz waliupanda mlima huo mwishoni mwa juma tangu miaka ya 1930. Barafu ya kudumu iliyokuwa ikiushikilia mchezo ule ilianza kupungua, ikakatika vipande, na mwaka 2009 ikatoweka kabisa. Nyumba ya wageni ilibaki pale, inatazama mawe. Na katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022, theluji iliyotumika ilikuwa karibu yote ya kutengenezwa kwa mitambo.

Sisi wa Kajiado hatuna haja ya kwenda Bolivia kuyashuhudia hayo. Simama Loitokitok asubuhi kabla mawingu hayajapanda, uutazame mlima Kilimanjaro. Ule weupe tunaowaonyesha watoto katika vitabu si ule waliouona babu zao: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kutoweka kufikia miaka 100 baadaye. Mlima umebaki, kilemba kinavuliwa.

Ngong haukuwahi kuvaa kilemba hicho, kwa hiyo hauna cha kuvuliwa. Hapo ndipo ulipo utajiri wake. Hauna msimu wa watu na msimu wa ukiwa. Januari unapandika, Agosti unapandika, na hata wakati wa masika, mtu mwenye viatu vyenye meno na moyo wa subira hufika. Siku ya Jumamosi magari kutoka Nairobi hujipanga karibu na lango la kaskazini, juu ya mji wa Ngong. Vijana, wazee, wanandoa, vikundi vya makanisa na wafanyakazi wa mabenki huanza safari chini ya mitambo ya upepo na kufuata mgongo wa mlima, kilele baada ya kilele, hadi upande wa Kona Baridi. Wengine hukimbia, jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipowaona kwa macho yangu. Upepo huko juu hauombi ruhusa. Anayekwenda na kofia ya urembo hurudi bila kofia.

Na kwa mwalimu, mgongo ule ni ubao uliokwisha kuandikwa. Milima ya Ngong ni mabaki ya volkano kubwa ya kale iliyopasuliwa wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likididimia, ndiyo maana upande mmoja unashuka kwa upole na wa pili unaanguka ghafla. Mwanafunzi akisimama kileleni akatazama mashariki, anaona mashamba, paa za mabati na ghorofa za Nairobi. Akigeuka magharibi bila hata kupiga hatua, anaona nchi kame ya rangi ya simba, inayoteremka kuelekea Olorgesailie na Magadi. Kivuli cha mvua, ambacho nimekichora ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka na bado kikanishinda kukieleza, hapo hakihitaji maelezo. Kona Baridi yenyewe ni somo: jina lililotungwa na wasafiri wa Barabara ya Magadi, wanaopita mahali pa baridi na ukungu, na baada ya muda mfupi tu wa kuteremka wanaanza kufungua madirisha kwa joto.

Lipo pia somo la lugha. Wenyeji hueleza kwamba jina Ngong lilitokana na maneno ya Kimaasai Enkong'u e Muny, yaani chemchemi ya kifaru, au jicho la kifaru, kwa kuwa katika lugha hiyo jicho na chemchemi ni neno moja. Wageni walishindwa kulitamka lote wakabaki na kipande. Vifaru nao waliondoka, na hata hilo neno lao hatukulibakisha.

Na lipo somo la sayansi. Mwaka 1993 serikali ya Ubelgiji ilitoa msaada wa mitambo miwili midogo ya kuzalisha umeme kwa upepo, ikasimikwa juu ya mlima huo. Wakati ule watu waliiona kama mchezo wa watoto. Mwaka 2009 kampuni ya KenGen ilisimika mingine mikubwa zaidi, na baada ya nyongeza zilizofuata, Ngong ikafikia uwezo wa megawati 25.5. Mwanafunzi anayesoma kuhusu nishati katika kitabu anaweza kusimama chini ya mtambo huo akasikia mapanga yake yakikata hewa juu ya kichwa chake.

Miaka michache iliyopita niliwapeleka huko wanafunzi wa kidato cha pili, 44 kwa hesabu. Tulipita Tuala, Rongai na Kiserian, tukafika Ngong jua likiwa limepanda. Nilipouliza kabla ya kuanza kupanda ni wangapi waliowahi kuukanyaga mlima ule, mikono mitatu iliinuka. Mitatu kati ya 44, katika shule ya Kaunti ya Kajiado, ambayo mlima huo umo ndani yake! Wengi wao walikuwa wameuona kila siku ya maisha yao, mstari wa buluu upande wa machweo, wakidhani ni wa Nairobi. Mmoja, msichana asiyependa kusema darasani, alisimama katika kilele cha tatu akatazama pande zote, kisha akaniuliza, “Mwalimu, hawa wote wanaotoka Nairobi, nani aliwaambia?” Nilicheka. Baadaye nililitafakari swali lake nikaona halichekeshi.

Ukweli ni kwamba waliambiwa na vitabu na sinema. Karen Blixen, mama wa Kidenmaki aliyelima kahawa chini ya milima hiyo tangu 1914 hadi 1931, aliiandikia dunia habari za Ngong katika kitabu kilichotoka mwaka 1937, na sinema iliyotokana na habari hizo ilipotolewa mwaka 1985 watalii walikuja kuitafuta milima hiyo. Rafiki yake, Denys Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege Voi mwaka 1931, amezikwa katika milima hiyo, na hadi leo wapo wanaopanda kulitafuta kaburi lake. Sina ugomvi na marehemu. Nasema tu kwamba mlima ambao umesimuliwa na mgeni kwa ufasaha namna ile, na ambao wenyeji wake waliulisha mifugo na kutoa maji katika chemchemi zake kwa vizazi, unastahili kusimuliwa na watoto wao pia. Nao hawawezi kuusimulia kwa kuutazama kwa mbali kutoka dirisha la matatu.

Sasa nije kwenye shilingi. Msitu wa milima ya Ngong uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na mpandaji hulipa langoni. Ni haki kulipa. Njia zina sifa ya zamani ya wanyang'anyi, na askari wa msitu wanaosindikiza vikundi wamesaidia sana kuirudisha imani ya watu. Askari hao hawali upepo. Lakini simama langoni Jumamosi jioni uhesabu ni nani mwingine aliyepata chochote. Utamwona mama anayechoma mahindi, vijana wa bodaboda, na mwenye kibanda cha chai. Huyo mwenye ng'ombe aliye mteremko wa magharibi, ambaye nyati hushuka kwake usiku na wageni hupita kando ya boma lake wakipiga picha, yeye hupata vumbi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu vyama vya jamii kushirikiana na KFS katika kuusimamia msitu na kunufaika nao. Mlango huo wa kisheria upo wazi. Sheria, hata hivyo, haijui njia ya kwenda kwenye boma la mtu.

Msomaji anaweza kuuliza, jirani asipofaidika, mlima utakwenda wapi? Si umetangazwa kuwa msitu wa serikali? Swali hilo tulijiuliza Kitengela pia, na jibu lake tunaishi ndani yake.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, nayo ina kilomita za mraba 117 tu. Ilizungushiwa ua pande nyingine zote, lakini upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, iliachwa wazi kwa sababu moja: wanyama hawakuwa wakiishi ndani yake mwaka mzima. Mvua ziliponyesha, nyumbu, punda milia na pofu walitoka kwa maelfu wakaenda kwenye nyanda za Kitengela na Kaputiei, wakala nyasi fupi tamu pamoja na ng'ombe wa Wamaasai, na kiangazi kilipoingia wakarudi mbugani kwenye maji. Mbuga ilikuwa nyumba na Kitengela ilikuwa ua wake. Mtu anaweza kuilinda nyumba kwa bunduki na sheria, lakini ua ule ulikuwa mali ya watu.

Watu hao walikuwa na ranchi ya kikundi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1968 iliyowawezesha wafugaji kumiliki ardhi kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata hatimiliki yake. Katika miaka ya 1990 viwanda vya eneo la EPZ la Athi River vikavuta wafanyakazi, wafanyakazi wakahitaji vyumba, na vyumba vikahitaji ploti. Sisi walimu tulikuwa miongoni mwa wanunuzi. Hamsini kwa mia, hatimiliki iko tayari, maji na umeme karibu: nani asiyeyajua maneno hayo? Waya ukafuata ploti, ukuta ukafuata waya. Sitamlaumu mzee aliyeuza ili mwanawe asome, maana mimi nimeufundisha mkono wa huyo mwana kushika kalamu. Lakini msafara mkubwa wa nyumbu uliokuwa ukivuka Mbagathi umekwisha, na simba wanaotoka mbugani leo huingia katika mabanda ya watu. Mwezi wa Juni mwaka 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki hapa Kitengela baada ya kushambulia mifugo. Mwezi wa Machi mwaka 2016 simba dume aliyejulikana kama Mohawk alifika Isinya, akamjeruhi mtu, akapigwa risasi.

Hata hivyo, palikuwa na jaribio moja ambalo kila mwalimu wa Kajiado angepaswa kulijua kwa moyo. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela ili waiache ardhi yao wazi. Malipo yalikuwa kama shilingi 300 kwa ekari moja kwa mwaka, na masharti yake yalikuwa mepesi: usizungushe ua, usichimbe mawe, usilime, usimwinde mnyama, mwache apite. Werevu wa mpango huo, kwa maoni yangu, haukuwa katika kiasi cha fedha bali katika tarehe za kulipa. Fedha zilitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa. Mzazi alipotakiwa karo, badala ya kumwita dalali wa ardhi alikwenda kupokea malipo ya nyasi zake. Familia nyingi ziliingia, na kina mama walisisitizwa kuwapo fedha zinapotolewa. Nyumbu alikuwa akimlipia mtoto karo!

Kilichoupunguza nguvu mpango huo kinajulikana. Ulitegemea wafadhili, nao wafadhili hawana mizizi. Na wakati huo huo bei ya ekari moja ilipanda ikahesabiwa kwa mamilioni, na shilingi 300 zikawa salamu tu. Lau mpango huo ungeanza miaka kumi kabla ya wanunuzi, na lau ungelishwa na mapato ya langoni badala ya misaada ya ng'ambo, sidhani kwamba tungekuwa hapa tulipo.

Ngong bado ina hiyo miaka kumi. Mgongo wa mlima umelindwa, lakini miteremko ya chini, kuanzia Kiserian hadi Kibiko, ni ardhi ya watu, na ploti zinapanda mlima kwa kasi kuliko wapandaji. Aliyetembea mwendo huo mwaka 2010 na akautembea tena leo anajua ninalosema. Msitu ukizungukwa na kuta pande zote utabaki kuwa bustani ya juu ya paa: mzuri kuutazama, lakini hauingiliki ila kwa lango moja, na hauna rafiki hata mmoja chini yake.

Nimewasikia watu wakubwa wakisema kwamba dawa ni kuleta mwekezaji: hoteli kileleni, vibanda vya abiria vinavyoning'inia kwenye nyaya, taa usiku. Watanzania walikwisha kuujadili mjadala huo. Mwaka 2019 serikali yao ilipotaja mpango wa kujenga usafiri wa nyaya Kilimanjaro, wapagazi na waongoza watalii walipinga kwa sauti moja, kwa kuwa mgeni anayepanda kwa waya hahitaji mbeba mizigo. Sipingi starehe, na najua wazee na walemavu nao wanatamani kufika juu. Napinga kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Mahali ambapo mtu wa Kitengela hawezi kununua soda, hapo si mahali pake pa mapumziko, hata pakiwa ndani ya kaunti yake.

Tena mfano wa kugawana tunao hapa hapa Kajiado, wala si wa wanyama bali wa upepo ule ule. Katika mradi wa Kipeto, uliosimika mitambo 60 ya umeme wa megawati 100 na kuanza kazi mwaka 2021, wenye ardhi ambako mitambo imesimama hulipwa sehemu ya mapato. Ng'ombe wao hulala kivulini mwa minara. Ikiwa upepo umeweza kumlipa mfugaji kodi, miguu ya wapandaji inashindwa na nini?

Ombi langu kwa serikali ya kaunti na kwa KFS ni hili. Itengwe sehemu ya kiingilio cha Ngong, iwe sehemu inayojulikana na kuandikwa langoni, ilipwe mara tatu kwa mwaka, shule zinapofunguliwa, kwa familia za miteremko ambazo zimekubali kutoigawa ardhi yao na kutoizungushia kuta. Isipitie mikono mingi. Na kila juma itengwe siku moja, tuseme Jumatano ambapo wageni ni wachache, shule za Kajiado zipande bila kiingilio, zikiongozwa na vijana wa hapo Ngong na Kiserian waliofundishwa mawe, miti, ndege na majina ya Kimaasai ya kila kilele. Vijana wa namna hiyo wapo. Mnamkumbuka Richard Turere, mvulana wa ukingo wa mbuga hapa Kitengela, aliyegundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea, akaunganisha taa za kumetameta kuzunguka zizi la baba yake, na mwaka 2013 akasimama mbele ya ulimwengu kueleza alivyofanya. Aliligundua hilo kwa kutembea usiku zizini na tochi mkononi.

Walimu wenzangu nao wana hoja zao, nami nazifahamu. Silabasi ni ndefu, wazazi wamechoka na michango, na mtoto akiteguka mguu mwalimu ndiye anayeulizwa. Kuhusu silabasi, kazi ya nyanjani imo katika somo la Jiografia, na kwa muda mrefu tumeifanya kwa kunakili ripoti za shule nyingine. Kuhusu gharama, gharama kubwa ni basi. Chakula ni githeri ya shule ndani ya ndoo, nacho kileleni huwa kitamu kuliko cha hoteli. Kuhusu usalama, nendeni na askari, mhesabu watoto katika kila kilele, wala msimruhusu shujaa yeyote kutangulia peke yake. Kuna nyati.

Kwa mwenye nia, Januari na Februari ndiyo miezi ya kuona mbali, hata Kilimanjaro huonekana asubuhi ikiwa hewa ni safi. Juni na Julai kuna ukungu na baridi ya kuuma, basi kila mtoto awe na sweta. Aprili na Mei njia ya mgongoni huwa utelezi mtupu, na hiyo ndiyo skii pekee ambayo mlima wetu unaijua. Viatu vya shule vinafaa ikiwa nyayo hazijalika. Kutoka lango la kaskazini hadi Kona Baridi watoto huchukua saa nne au tano, pamoja na kupumzika na kubishana. Dereva aambiwe azunguke akawasubiri huko. Na basi liondoke Kitengela kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, maana foleni ya Rongai haimjui mwalimu wala mwanafunzi.